Maswali na Majibu: Kabla ya kuilaumu kontrol boksi

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa vijana waliotia injini za JZ, zile za Toyota za silinda sita, kwenye Toyota Altezza na Mark II. Injini zimefungwa vizuri, kazi ya kuchomelea ni safi, lakini umeme umeachwa siku ya mwisho na kupewa jioni moja. Ndiyo maana mnaniandikia.

SWALI: Shikamoo mzee. Nina Altezza RS200, nimetoa injini yake ya 3S-GE ya silinda 4 nikaweka 1JZ-GTE yenye VVT-i (mfumo wa kubadilisha muda wa vali). Stata inazungusha vizuri lakini plagi hazitoi moto na nozeli hazifunguki. Fundi anasema kontrol boksi (kompyuta ya injini) imekufa, nitafute nyingine. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Usinunue kitu. Boksi za Toyota za miaka ile hazifi ovyo. Nyingi husingiziwa, na zilizokufa kweli mara nyingi zimeuawa na mtu aliyegusisha waya kubahatisha. Mwambie fundi aweke mita mkononi na mchoro wa injini hiyo mbele yake.

Aanze na pini ya boksi iitwayo BATT, inayopata umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Lazima iwe na volti 12 hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako. Ukiwasha swichi, IGSW, pini inayopata umeme wa swichi ya ufunguo, nayo ipate volti 12. Boksi ikishaiona IGSW ndipo inatoa umeme kwenye pini ya M-REL kufunga rilei kuu ya EFI (mfumo wa kupulizia mafuta), na rilei hiyo ndiyo inayoleta umeme mkubwa kwenye pini ya +B ya boksi. Mnyororo ukikatika popote hapo, boksi imelala tu, haijafa.

Sasa afanye kipimo ambacho mafundi wengi wanakiruka: apime IGSW tena huku wewe unapiga stata. Nimeona magari mengi ambayo waya huo umeungwa kwenye umeme wa redio, na umeme wa redio hukatika ufunguo unapofika START. Yaani boksi inazimwa sekunde ile ile inayotakiwa kuwasha injini. Fundi akipima stata ikiwa imetulia, kila kitu kinaonekana kizima.

Hapo pakiwa sawa, pima VC, umeme wa volti 5 unaolisha sensa. Ukikosekana, chomoa sensa za throtli na ya presha moja moja. Volti 5 zikirudi, umempata mchawi. Kisha hakikisha waya za arthi (hasi) za boksi, yaani E1, E01 na E02, zimefungwa kwa bolti kwenye injini, chuma kwa chuma, bila rangi katikati. Mwisho ndiyo uje kwenye sensa ya kranki. Waya zake zina kinga ya kuzuia mwingiliano, na kinga hiyo inaungwa arthi upande mmoja tu. Anayerefusha waya hizo kwa waya wa kawaida wa dukani anaharibu ishara ambayo injini nzima inaitegemea.

Jambo moja zaidi hukuliuliza. Kagua namba ya boksi. 1JZ-GTE za mwanzo zilikuwa na turbo mbili bila VVT-i, na kuanzia 1996 ikaja hii yako ya turbo moja. Boksi zake haziingiliani, na muuzaji wa vipuri anaweza kukupa yoyote iliyo karibu na mkono wake.

SWALI: Gari yangu imebadilishwa injini, inawaka halafu inazima. Shida nini?

JIBU: Gari gani? Injini gani? Inazima baada ya muda gani? Taa ya injini inawaka? Betri ina volti ngapi? Swali la namna hii linanijia kila mara, na jibu lolote nitakalobuni litakufanya ununue kitu usichohitaji. Niandikie upya.

SWALI: Nimeweka pampu kubwa ya mafuta kwa ajili ya turbo. Fyuzi ya ampea 15 inaungua kila nikikanyaga. Naweza kuweka ya 30? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Hapana, na tafadhali usiliendeshe gari hilo mpaka umemaliza kusoma hapa.

Fyuzi inalinda waya. Hailindi pampu. Ukiweka ya 30 juu ya waya mwembamba uliotoka kiwandani, waya wenyewe ndio utakuwa fyuzi, nao unapita chini ya zulia, chini ya kiti, mpaka kwenye tangi la petroli. Pampu kubwa inaweza kuvuta zaidi ya ampea 10 presha ikipanda, na waya wa zamani haukupimiwa mzigo huo.

Vuta waya mpya wa milimita za mraba 4 kutoka kwenye betri, weka fyuzi ya 20 karibu kabisa na betri, na rilei karibu na pampu. Arthi ya pampu nayo iwe mpya na nene vilevile, kwa sababu umeme unaokwenda lazima urudi. Waya wa zamani wa pampu utumie kuamrisha rilei tu.

Na hapa ndipo nawagombeza mafundi kila mwaka: rilei hiyo iamrishwe na kontrol boksi, kamwe isiungwe moja kwa moja kwenye swichi ya ufunguo. Boksi husimamisha pampu injini ikizima. Ukiunga kwenye swichi, siku gari likigonga na bomba la mafuta likapasuka, pampu itaendelea kumwaga petroli juu ya turbo yenye moto huku wewe umebanwa kwenye kiti. Kazi ya kuunga rilei vizuri ni ya saa chache. Fundi akikuambia haina haja, chukua ufunguo wako uondoke.

SWALI: Baada ya kuweka 1JZ badala ya 3S, mita ya mzunguko inaonyesha 4500 wakati injini ina 3000. Boksi mbovu?

JIBU: Nzima kabisa. Injini ya silinda 4 hutoa mapigo mawili kwa kila mzunguko, ya silinda 6 hutoa matatu. Mita yako inahesabu kwa hesabu ya nne. Weka kifaa cha kubadili mapigo au mita ya silinda sita.

SWALI: Nikiwasha taa kubwa, mshale wa joto unapanda. Nikizima, unashuka.

JIBU: Arthi. Weka mita kwenye volti, waya mmoja wa mita kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye chuma cha injini, taa na feni vikiwa vimewashwa. Ikizidi volti 0.2, ongeza waya mnene kutoka injini hadi bodi na hadi betri.

SWALI: Nimenunua injini na boksi yake, ila ufunguo wa gari ilikotoka haukuja. Inawaka sekunde moja na kuzima. (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ni kinga ya wizi. Boksi inatafuta chipu ya ufunguo wake wa asili, haiioni, inakata mafuta. Anayejua kuondoa ulinzi huo ndani ya kumbukumbu ya boksi anaweza kukusaidia. Ninyi ambao bado hamjanunua, mkienda kununua Gerezani, Dar es Salaam, au popote pale, dai injini ije na wayaringi nzima isiyokatwa, boksi, ufunguo na pete inayozunguka tundu la ufunguo. Injini yenye soketi zilizokatwa kwa kisu iacheni hapo hapo, hata kama bei inavutia.

SWALI: Gari yangu ni ya mfumo wa CAN (waya mbili ambazo boksi za gari huwasiliana kupitia). Baada ya kuunganisha, dashibodi imekufa yote.

JIBU: Chomoa betri, pima omu kati ya waya mbili za CAN. Ukipata 60, njia ni nzima. Ukipata 120, umeacha nje kifaa kimoja chenye kizuizi cha mwisho (rizista ya omu 120), na kwa kawaida ni ile boksi ya injini ya zamani uliyoiweka stoo.