Barua kwa Mwanangu: Poha ya Asubuhi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Umeniuliza kama uache mkate wa asubuhi ule poha kila siku, kwa kuwa daktari amekuambia sukari yako imeanza kupanda, nawe umesoma kwamba mchele huu bapa wa Wahindi ni dawa. Mimi nitakujibu kuhusu sahani nzima, kwa sababu nafaka peke yake haijamponya mtu yeyote katika ukoo wetu. Bibi yako alikua akila pepeta, mchele bapa wa kwetu, huko Muheza, na unajua sukari ilimfikisha wapi.

Poha ni mpunga uliolowekwa, ukakaangwa, kisha ukabanwa hadi ukawa bapa, ndiyo maana huhitaji kuichemsha. Unaiosha kwenye chujio tu, ikalainika. Ni nyepesi tumboni, lakini gramu 100 zikiwa kavu zina takriban kalori 350, na zaidi ya robo tatu ya uzito huo ni wanga, kama mchele mwingine. Madini ya chuma yanayosifiwa yamo, ila mwili huyapata kwa shida kutoka kwenye nafaka. Ndimu inayokamuliwa juu husaidia, na chai inayofuatia papo hapo huzuia. Wanaosema ina bakteria wazuri kwa utumbo wanasahau kwamba bakteria hao wamo kwenye mtindi, kwa wale wanaochanganya poha na mtindi.

Nilipokuwa nikisoma Pune, mji wa jimbo la Maharashtra huko India, mama mwenye nyumba yangu alikuwa na binti aliyefikia kuolewa, na kwa desturi ya huko wakwe wanapokuja kumtazama msichana huandaliwa poha za vitunguu. Nilikuwa jikoni na mama huyo asubuhi wakwe walipokuja. Alipasua haradali kwenye mafuta, akatia karanga, vitunguu, pilipili mbichi na manjano, akageuza poha kwa ncha za vidole ili zisivunjike, akamalizia kwa kotmiri na nazi iliyokunwa. Mama wa kijana akala sahani mbili, akateremshia na chai ya sukari nyingi, huku akitueleza kwamba ana kisukari na kwamba poha haimdhuru kwa kuwa ni chakula chepesi. Baada ya siku chache wakaleta jibu kwamba binti ni mweusi mno. Binti yule alikuwa mweupe kuliko mimi, mwanangu, na mimi ndiye niliyewabebea sahani. Mpaka leo nikisikia mtu akisema poha ni nyepesi, namwona mama yule akinyoosha mkono kuomba ya pili.

Kwa hiyo tazama sahani. Karanga, njegere na yai pembeni hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Poha tupu yenye viazi, kama wengine wanavyopenda, ni wanga juu ya wanga. Hata hivyo sitaki kuionea. Ukiilinganisha na mkate mweupe uliopakwa jamu, poha yenye karanga na mboga inashinda bila ubishi. Lakini mkate nao ukiwekewa mayai na kachumbari, je? Hapo najikuta nimerudi nilipoanzia: ni sahani, si nafaka.

Ulimi unaniwasha nikuambie ule, tumalize maneno. Nitauzuia, kwa kuwa mwili ni wako na kipimo unacho. Pima sukari baada ya muda wa saa mbili tangu kula poha, kiasi kisichozidi nusu kikombe ikiwa kavu, kisha siku nyingine upime vivyo hivyo baada ya mkate wako wa kawaida, na chai iwe bila sukari siku zote mbili. Majibu hayo umpelekee daktari, nami uniandikie. Na ukipita maduka ya Kisutu ukakuta poha za mchele mwekundu, ambazo hubaki na pumba kidogo, chukua hizo kuliko nyeupe, na mimi uninunulie kilo moja.

Mama yako