Kisu cha samaki: cha springi au cha stenlesi?

Ndugu yangu, umeuliza kwa kazi ya kukata samaki sokoni ununue kisu cha mhunzi, kilichofuliwa kwa springi ya gari, au cha stenlesi cha dukani. Chukua stenlesi. Springi ina kaboni kama asilimia 0.6 na kromi, metali inayozuia kutu, kidogo mno; inanoleka upesi, makali yake nayapenda sana, lakini maji ya chumvi na ndimu huishikisha kutu siku hiyo hiyo. Stenlesi ina kromi isiyopungua asilimia 10.5, ndiyo kinga yake. Ila soma maandishi kwenye bapa: namba hizo ni aina za stenlesi; 420 hupoteza makali mapema, 440C hudumu zaidi, ingawa itakuchosha kwenye kinoo. Cha mhunzi kiwe cha kuchinjia, ukifute na kukipaka mafuta kila ukimaliza.