Jibu: koleti za lethi, ER32 au 5C? Anza na chuma ulichonacho

Kaka, umeuliza hivi: una lethi (mashine ya kukereza chuma) ya Kichina yenye tundu la milimita 38 kwenye spindeli, yaani mhimili unaozungusha kazi, kazi zako ni pini na bushi ndogo, umechoka na alama za meno ya chaki (kishikio kinachofungwa kwenye spindeli) kwenye shaba, na hujui ununue koleti, zile pete zenye mipasuo zinazobana kipande pande zote, za aina ya ER32 au 5C. Nipo Ngamiani hapa Tanga, na swali hilo lilinila pesa kabla sijapata jibu, kwa hiyo nivumilie nikieleza kirefu.

Kwanza tazama chuma kinachoingia kwenye karakana yako. Wengi wetu huku tunakereza mali ya skrepa: shafti za magari ya zamani, mabaki ya mashine za mkonge, mara nyingine nondo. Koleti haifanyi kitu kuwa duara. Inakamata kilichokwisha kuwa duara, na kila ukikirudisha kinakaa palepale. Ukiitia fimbo yenye magamba au iliyobonyea, inashika kwenye nundu mbili tatu tu, kazi inateleza, na ukizidi kukaza unaipinda koleti yenyewe. Nondo ya mbavu usithubutu. Kwa hiyo mkato wa kwanza bado ni wa chaki ya meno matatu. Zamu ya koleti inakuja unapogeuza kipande ukereze upande wa pili.

Hapo ndipo utaiona faida yake. Nakereza sana vibushi vya shaba vya pampu za maji za injini za boti, wateja wangu wengi ni watu wa Deep Sea, mwalo wa wavuvi hapa Tanga. Bushi inataka tundu na mgongo viwe na kitovu kimoja, la sivyo inalika upande mmoja. Chaki yangu ya meno matatu, nikigeuza kipande, ilikuwa inayumba milimita 0.12 kwenye saa ya kupimia, ile yenye mshale unaoonyesha myumbo. Kwa ER32 nikashuka hadi 0.02, na shaba haina hata mkwaruzo.

ER asili yake ni Uswisi, kwa kampuni ya REGO-FIX, na vipimo vyake viliwekwa kwenye kanuni ya viwango ya Kijerumani, DIN 6499, ndiyo maana koleti ya mtengenezaji mmoja inaingia kwenye chaki ya mwingine. Uzuri wake kwetu ni kwamba kila koleti ya ER32 hubana karibu milimita nzima. Ile iliyoandikwa 13 inashika kuanzia 13 kushuka hadi 12, kwa hiyo fimbo ya nusu inchi, yaani 12.7, inaingia bila wewe kununua seti ya inchi. Mwisho wake ni milimita 20.

Ila ER ina tabia moja niliyoijua kwa maumivu. Inabana kwa urefu wake wote, kama milimita 40, na inataka kazi iijaze angalau theluthi mbili. Niliwahi kushika kibushi cha urefu wa milimita 10 kwenye mdomo tu. Koleti ikajifunga nyuma, ikafunguka mbele kama tarumbeta, kisu kilipogusa tu, kipande kikaruka na kunipita sikioni. Siku hizi naweka nyuma kipande kingine chenye kipenyo kilekile, ndipo inabana sawasawa. Usikereze kifupi bila kufanya hivyo, na miwani usivue.

5C imetulia zaidi kwa vipande vifupi, na hupatikana pia yenye tundu la pembe sita au mraba, jambo ambalo ER kwa kawaida haikupi. Inafika karibu milimita 28. Lakini hubana kidogo mno, haifiki hata robo ya milimita, maana yake kila kipimo unakinunulia koleti yake. Lethi nyingi za tundu la 38 zina tepa (mdomo unaopungua upana kuelekea ndani) ya Morse namba 5, na ipo adapta ya kuingiza 5C humo pamoja na bomba la kuivuta toka nyuma. Kama ungekuwa unatoa pini mia tano za kipimo kimoja ningekuambia chukua 5C bila kusita. Kwa karakana inayopokea chochote kilichoingia mlangoni, chukua ER32.

Usichukue chaki ya ER yenye mkia wa Morse. Nyingi huziba spindeli, na fimbo ndefu haitapita. Chukua ya kufungwa kwa sahani, na sahani hiyo uikereze ikiwa kwenye spindeli yako mwenyewe ndipo uifunge chaki juu yake. Usinunue seti nzima pia. Anza na 8, 10, 12, 13, 16 na 20, pesa iliyobaki tafuta nati nzuri ya kukazia koleti.

Kuhusu nati: koleti inaingizwa kwanza kwenye nati, unaiinamisha kidogo mpaka ilie tak, halafu ndipo vinaenda pamoja kwenye chaki. Mimi nilianza kwa kuitumbukiza koleti ndani na kufunga nati juu yake. Ilinasa, nikaitoa kwa kugonga fimbo ya shaba toka nyuma, na pete ya nati ikawa imeharibika.

Halafu kutu. Hewa yetu ya chumvi haina huruma, koleti iliyolala wiki mbili bila mafuta inaota madoa kwenye tepa yake ya nje, na doa au chenga moja tu pale inakurudisha kwenye myumbo wa meno matatu. Ioshe kwa mafuta ya taa, ifute, ipake oili, ifunge kwenye kitambaa.

Ukishafunga, kamata pini ya pistoni ya gari dogo, yangu ni ya milimita 20, imesagwa vizuri kuliko fimbo yoyote ya dukani. Weka saa ya kupimia juu yake, zungusha kwa mkono, uandike hapa umepata ngapi. Ikizidi 0.05, fungua sahani kwanza uikague kabla hujailaumu koleti.