Fedha ya utafiti ikishagawiwa, nani anawajibika?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mhasibu wa mradi katika chuo kikuu jijini Dar es Salaam. Tunapokea fedha za NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, kupitia chuo kikuu cha huko, nasi tumeigawia sehemu yake hospitali ya mkoa inayosajili washiriki wa utafiti. Hospitali inatuletea ankara yenye mstari mmoja tu, “mishahara ya wauguzi”, bila kiambatisho chochote. Mtafiti mkuu ananiambia nilipe, kwa kuwa mkataba upo na wale ni wenzetu. Je, mkataba hautoshi?

JIBU: Ndugu msomaji, hautoshi. Fedha hizo zinatawaliwa na kanuni za Serikali ya Marekani ziitwazo 2 CFR 200, ambazo masharti yake hushuka pamoja na fedha. Kwa hiyo, kama chuo cha Marekani kinavyowajibika kwa matumizi yenu, nanyi mnawajibika kwa matumizi ya hospitali, na mkaguzi akiikataa mishahara hiyo kwa kukosa ushahidi, chuo chenu ndicho kitakachodaiwa. Kifungu cha 200.332 kinamtaka anayepitisha fedha apime hatari ya mpokeaji, asome taarifa zake za fedha na za kazi, na ahakikishe kasoro zinarekebishwa.

Kinachoamua ni aina ya uhusiano, si jina la mkataba. Hospitali hiyo ingekuwa inapima sampuli za damu kwa bei ileile inayomtoza mteja yeyote, ingekuwa mtoa huduma, na ankara yenye idadi ya sampuli ingetosha. Inayosajili washiriki na kutekeleza sehemu ya utafiti wenyewe ni mpokeaji mgawo, na lazima isimamiwe.

Hofu yangu kubwa iko kwenye mstari ule mmoja. Muuguzi wa hospitali ya mkoa kwa kawaida hulipwa mshahara kamili na Serikali, na mradi ukimlipa tena kwa saa zilezile, kazi moja imelipwa mara mbili. Dai jina la kila muuguzi, sehemu ya muda wake iliyotumika kwenye mradi, hati ya mshahara ya mwezi husika na saini ya msimamizi anayeiona kazi yake. Mtafiti mkuu naye athibitishe kwa maandishi kwamba usajili unaodaiwa umefanyika, maana yeye ndiye mwenye daftari la washiriki.

Uzembe katika jambo hili unaumiza wengi: Mei 2025 NIH ilitangaza kusitisha migawo mipya kwa taasisi za nje ya Marekani hadi utaratibu mpya uwe tayari, ikitaja ugumu wa kufuatilia fedha.

Hata hivyo, msiinyanyase hospitali, ambayo huenda haina mhasibu wa ruzuku. Irudishie ankara kwa barua inayotaja kila kinachopungua, ambatisha fomu ya muda wa kazi, nenda ukawaelekeze namna ya kuijaza, na ankara iliyokamilika ikifika, ilipwe ndani ya siku 30 kama kanuni zinavyotaka.