Mbio za Novemba za Phoenix na Hesabu za Ubingwa

Mhariri,

Swali lenu la wiki lilitutaka tutaje shindano moja la nje ya Afrika ambalo wasomaji wengi hawalifahamu, kisha tueleze ni kitu gani katika historia yake kililipa uzito. Nadhani wengi watajibu kwa soka au marathoni. Jibu langu linatoka jangwani: ni mbio za magari za NASCAR ambazo kwa zaidi ya miaka thelathini zimefanyika karibu kila Novemba katika uwanja wa Phoenix Raceway, jimbo la Arizona, Marekani. Kilichozipa uzito, kwa maoni yangu, ni nafasi yake katika kalenda. Kwa misimu mingi zilikuwa mbio za pili kutoka mwisho, na mambo makubwa yaliyotokea pale yalitokana na nafasi hiyo. Zilipopandishwa daraja na kufanywa fainali, zilipata watazamaji zaidi na, naamini, zikapoteza kitu.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe, NASCAR iliundwa mwaka 1948 huko Daytona Beach, Florida, ili kusimamia mashindano ya magari yaliyotoka dukani na kuingizwa uwanjani karibu yalivyo. Siku hizi magari hayo yanajengwa kwa ajili ya mashindano tu, ingawa umbo la nje bado linafanana na la gari la barabarani. Tofauti na Safari Rally, ambako kila gari hushindana na saa likiwa peke yake barabarani, hapa magari yote yapatayo arobaini huanza kwa pamoja na kuzunguka uwanja mmoja, kwa kawaida kinyume na mwendo wa saa, yakibadilishana nafasi mbele ya macho ya watazamaji.

Phoenix iliufahamu mchezo huu mapema. Mwaka 1951 Marshall Teague alishinda mbio za NASCAR zilizofanyika kwenye njia ya vumbi ya viwanja vya maonyesho vya jimbo, ndani ya mji, na mbio za namna hiyo zilirudi hapo 1955, 1956 na 1960. Kisha ngazi ya juu ya NASCAR ikauacha mji huo kwa miaka 28. Katikati ya kipindi hicho, mwaka 1964, ulijengwa uwanja mpya wa lami huko Avondale, magharibi ya Phoenix, chini ya milima ya Estrella na karibu na mto Gila, lakini nyota wake wa mwanzo walikuwa madereva wa magari ya magurudumu wazi, yale ya jamii ya mbio za Indianapolis. A.J. Foyt ndiye aliyeshinda mbio zao za kwanza hapo, Machi 1964.

Uwanja wenyewe una umbo la ajabu kidogo. Urefu wake ni maili moja, na upande mmoja wa mviringo wake haukunyooka bali umepinda kuelekea nje, kama mguu uliokunjwa gotini. Kona za upande mmoja hazifanani na za upande wa pili, wala mwinamo wa lami yake haulingani, kwa hiyo fundi anayelitengeneza gari ligeuke vizuri katika kona mbili za kwanza hulipa gharama yake katika mbili za mwisho. Mlima mdogo uliopakana na njia hutumiwa na watazamaji kama jukwaa la asili, nao wanauita Mlima wa Nyoka, jina ambalo katika jangwa la Arizona si utani. 

Aliyewarudisha NASCAR alikuwa mfanyabiashara Buddy Jobe, ambaye aliununua uwanja mwaka 1985, akaukarabati, na miaka mitatu baadaye akapewa tarehe katika kalenda ya ngazi ya juu. Mbio za kwanza zilifanyika Novemba 6, 1988, kwa mizunguko 312. Jumla yake ni kama kilomita 500, na ndiyo maana zikaitwa Checker 500, kwa jina la duka la vipuri vya magari lililozidhamini. Ni mara chache Wamarekani kulipa shindano lao sifa kwa kilomita badala ya maili.

Siku hiyo Ricky Rudd alikuwa na gari lililowazidi wote, akaongoza zaidi ya nusu ya mbio, hadi injini yake ilipokufa ikiwa imebaki mizunguko 16. Uongozi ukamwangukia Alan Kulwicki, mhandisi wa mitambo kutoka Wisconsin aliyekuwa mmiliki wa timu yake ndogo na dereva wake pia, ambaye hadi siku hiyo hakuwahi kushinda hata mara moja katika ngazi hiyo. Alipovuka mstari alifanya jambo ambalo halikuwahi kuonekana. Aligeuza Ford Thunderbird yake, namba 7, akazunguka uwanja mzima kinyume na mwelekeo wa mbio. Sababu yake ilikuwa ya kiuhandisi kabisa. Dereva wa Marekani hukaa kushoto, na gari likizunguka katika mwelekeo wa kawaida, dirisha lake hutazama ndani ya uwanja, huku watazamaji wakiwa upande wa pili wasione hata mkono wake. Kwa kuzunguka kinyume, dirisha liligeukia majukwaa, naye akawapungia watu ana kwa ana. Kwa kuwa ukoo wake ulitoka Poland, mzunguko huo ukaitwa mzunguko wa Kipolandi, na madereva wa Marekani wanaufanya hadi leo, baadhi yao pengine bila kujua ulianzia wapi.

Hata hivyo, uzito niliousema ulianza kuonekana miaka miwili baadaye. Wakati huo ubingwa uliamuliwa kwa kujumlisha pointi za msimu mzima, na mbio za mwisho zilifanyika Atlanta. Mwaka 1990 Mark Martin aliingia Phoenix akimzidi Dale Earnhardt pointi 45. Earnhardt akaongoza mizunguko 262 kati ya 312, akashinda, na kutoka jangwani akiwa mbele kwa pointi 6. Wiki mbili baadaye alikuwa bingwa. Mwaka 1992 mambo yalikuwa makubwa zaidi. Bill Elliott alifika akiongoza msimamo, gari lake likaharibika na kumaliza katika nafasi ya 31, huku Davey Allison akishinda na kupanda kileleni, akimwacha Kulwicki kwa pointi 30 na Elliott kwa 40. Kwa hiyo watu watatu walikwenda Atlanta kila mmoja akiwa na hesabu yake mkononi. Allison alipata ajali, Elliott akashinda mbio, na Kulwicki, aliyemaliza wa pili, akatwaa ubingwa kwa tofauti ya pointi 10 kwa kuwa alikuwa ameongoza mizunguko 103 dhidi ya 102 ya Elliott, na aliyeongoza mingi zaidi alipewa pointi 5 za nyongeza. Bila mvurugo wa Phoenix, siku ile ya Atlanta isingekuwepo. Kabla ya mwaka mmoja kupita, Kulwicki na Allison walikuwa wamefariki wote wawili, mmoja katika ajali ya ndege Aprili 1993, mwingine ya helikopta Julai mwaka huo huo.

Miaka iliyofuata naipita haraka, ijapokuwa ina mengi. Rudd, aliyeadhibiwa na injini mwaka 1988, alishinda 1995 na hivyo kuokoa mfululizo wake wa kushinda angalau mara moja kila mwaka. Uwanja uliuzwa mwaka 1997 kwa kampuni ya International Speedway, taa zikawekwa, na kuanzia 2005 Phoenix ikapewa mbio mbili kwa msimu, mwaka uleule ambao uwanja mkongwe wa Darlington ulibakiwa na moja. Wapenzi wa zamani wa kusini-mashariki hawajaisamehe kalenda hiyo hadi leo. Lami ilibadilishwa 2011. Kevin Harvick ndiye aliyefaidi zaidi, kwa ushindi wa mara 9, ukiwemo mmoja wa mwaka 2016 ambao alimpita Carl Edwards kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, magari yakigongana ubavu hadi mstarini.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja 2018. Kwa dola milioni 178 majukwaa yalijengwa upya na mstari wa kuanzia ukahamishiwa karibu na pale njia inapopinda. Matokeo yake huonekana kila mbio zinapoanzishwa tena baada ya bendera ya njano, ile inayowaamuru wote wapunguze mwendo kukiwa na hatari njiani. Bendera ya kijani ikipepea tu, magari hushuka kushoto, yanaikata pembe kupitia sehemu bapa isiyo na mwinamo, na kwa sekunde chache huenda matano au sita ubavu kwa ubavu yakielekea kona ambayo haina nafasi ya zaidi ya matatu. Ni tamasha zuri, lakini baada ya mizunguko miwili mitatu magari hupangana foleni na kumpita aliye mbele huwa kazi ngumu.

Mwaka 2020 Phoenix ilifanywa fainali. Utaratibu wa ubingwa ulikuwa umekwisha kubadilishwa tangu 2014: hadi 2025 madereva wanne waliingia mbio za mwisho wakiwa sawa kabisa, na aliyemaliza mbele ya wenzake watatu ndiye aliyekuwa bingwa, haidhuru alifanya nini msimu mzima. Chase Elliott alishinda 2020, Kyle Larson 2021, Joey Logano 2022 na 2024. Mwaka 2023 Ross Chastain, ambaye hakuwa miongoni mwa wale wanne, alishinda mbio huku Ryan Blaney akichukua ubingwa nyuma yake, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu utaratibu huo uanze.

Anayetaka kuona tofauti kati ya Phoenix ya zamani na hii ya fainali amwangalie Denny Hamlin. Novemba 2010 alikuwa akiongoza msimamo kwa pointi 33, akatawala mbio za Phoenix, kisha akalazimika kuingia kuongeza mafuta dakika za mwisho huku Jimmie Johnson, mpinzani wake wa ubingwa, akifika mwisho kwa yale aliyokuwa nayo. Pengo likashuka hadi pointi 15, na wiki iliyofuata huko Homestead, Florida, akaupoteza ubingwa. Lakini alikuwa na wiki nzima na mbio kamili za kujibu, na aliposhindwa, alishindwa kwa jumla ya pointi za mbio kumi za mwisho wa msimu, kama ulivyokuwa utaratibu wa wakati huo. Novemba 2025 aliongoza mizunguko 208 na alikuwa amebakiwa na 3 tu kutwaa ubingwa wake wa kwanza, ndipo tairi la William Byron lilipopasuka na bendera ya njano ikatoka. Katika kituo cha huduma timu ya Hamlin ilibadilisha matairi manne, ya mpinzani wake Larson mawili. Larson akatoka mbele yake, akamaliza wa tatu, Hamlin wa sita. Larson akawa bingwa bila kuongoza hata mzunguko mmoja siku hiyo.

Simlaumu Larson, aliyefanya yaliyoruhusiwa na kanuni, wala fundi aliyechagua matairi manne, kwa sababu katika siku nyingine matairi manne yangekuwa uamuzi wa busara. Ninachokilaumu ni kuipa siku moja, tena katika uwanja mgumu kupitana, kazi ambayo zamani iligawanywa kati ya majuma mawili. Mwaka 1992 Elliott aliharibikiwa na gari Phoenix na bado akafika Atlanta akiwa na nafasi. Katika utaratibu wa fainali angekuwa amekwisha siku hiyohiyo, na Kulwicki, aliyemaliza wa nne Phoenix nyuma ya Allison, jina lake lisingeandikwa kwenye orodha ya mabingwa.

Kwa msimu wa 2026 NASCAR imeirejesha fainali Homestead, na Phoenix imebakiwa na mbio zake mbili. Ningekuwa mimi ndiye mpangaji wa ratiba, mbio zake za pili ningeziweka wiki moja kabla ya mwisho, saa za alasiri, jua likishuka nyuma ya Estrella na lami ikianza kupoa na kushika matairi vizuri zaidi, kisha pointi za msimu mzima zihesabiwe jioni.