Tangazo la Mahafali Linatoka na Ukungu: Je, Niiache PowerPoint?

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni katibu muhtasi wa shule ya msingi mkoani Morogoro. Matangazo ya mahafali na ya mikutano ya wazazi huyatengeneza kwa PowerPoint, kwa kuwa kompyuta ya ofisi haina programu ya usanifu. Kwenye skrini tangazo huonekana safi, lakini nikilihifadhi kama picha na kulipeleka steshenari lichapwe katika karatasi ya A3, maandishi hutoka na ukungu na pande mbili za karatasi hubaki nyeupe. Je, niiache programu hii?

JIBU: Ndugu Katibu Muhtasi, usiiache. Ni kweli kwamba tangu ilipotoka mwaka 1987 PowerPoint imekusudiwa kuonyesha mada mbele ya watu, lakini slaidi yake inakuruhusu kuweka picha na maandishi popote upendapo, jambo ambalo Word hulifanya kwa taabu kwa sababu humo picha na mistari ya maandishi husukumana. Tatizo lako linatokana na kipimo cha slaidi na aina ya faili.

Slaidi mpya huwa na upana wa sentimita 33.87 na kimo cha sentimita 19.05, yaani umbo la skrini pana lisilolingana na karatasi ya A3 wala ya A4. Kabla hujaandika hata herufi moja, fungua "Design", kisha "Slide Size", kisha "Custom Slide Size", uweke sentimita 29.7 kwa 42, ambazo ndizo za A3. Nakusihi uandike tarakimu hizo mwenyewe, kwani ukichagua A4 katika orodha ya programu, kwa mfano, utapewa sentimita 27.52 kwa 19.05 badala ya 29.7 kwa 21 za karatasi halisi. Ukingo mwembamba mweupe bado unaweza kubaki, kwa kuwa printa nyingi hazichapi hadi mwisho wa karatasi. Huo mwombe mchapaji aukate.

Kuhusu ukungu, PowerPoint ya Windows kwa kawaida hutoa picha yenye pikseli (vidoti vinavyounda picha) 96 tu kwa kila inchi ya slaidi, hivyo slaidi ya kawaida huwa na pikseli 1280 kwa 720. Zikitandazwa katika upande mrefu wa A3, hazifiki 80 kwa inchi, ilhali wachapaji hupenda 300. Basi hifadhi tangazo lako kama PDF: humo herufi na maumbo hayageuzwi kuwa pikseli, na hubaki makali hata yakikuzwa. Tena PDF hubeba fonti zako, ambapo faili ya PowerPoint ikifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti hizo, mistari yote huhama.

PDF haiwezi, hata hivyo, kuiponya picha iliyokwisha kuharibika. Picha za wanafunzi zinazotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, kwa hiyo mwombe mpigapicha akutumie kama hati. Nembo ya shule ndiyo inayoniumiza zaidi, maana mara nyingi hunakiliwa kutoka barua ya zamani, ikiwa na kisanduku cheupe kinachoonekana wazi juu ya rangi ya tangazo. Kisanduku hicho utakiondoa kwa "Remove Background", iliyomo katika menyu ya picha, lakini kwa nembo nyepesi yenye ngao na kitabu ni afadhali uichore upya kwa maumbo ya programu, kisha uyafunge pamoja kwa Ctrl na G. Ni kazi ya saa moja itakayokufaa miaka mingi.

Iwapo utaagizwa bango la turubai la getini, lenye mita 3 kwa 1, kumbuka kwamba upande wa slaidi hauzidi sentimita 142.24. Tengeneza robo ya kipimo, yaani sentimita 75 kwa 25, na umwandikie mchapaji kwamba PDF hiyo ikuzwe mara nne.