DNA haifutwi kifungo kikiisha

Je, DNA ya mfungwa hufutwa kwenye kumbukumbu za polisi akimaliza kifungo? Hapana, haifutwi. Kwa England na Wales, mtu mzima akishapatikana na hatia, taarifa zake za DNA hubaki kwenye kanzidata ya polisi bila ukomo, hata awe alishatoka jela zamani. Kinachoharibiwa ni sampuli yenyewe, ile pamba iliyopitishwa ndani ya shavu: sheria ya 2012 inataka iteketezwe ndani ya miezi 6. Ila aliye chini ya miaka 18 akitiwa hatiani kwa kosa dogo la kwanza, kuna ukomo. Na 2020 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema Uingereza ilikiuka faragha ya mtu wa Ireland Kaskazini kwa kutunza DNA yake milele kisa aliendesha gari amelewa. Hapo naungana na majaji kabisa.